Mazoezi ya mwili: Kupata wakati na ari mjini

Mfanyakazi wa Nairobi anayeondoka Rongai au Githurai kabla ya mapambazuko na kurejea giza limeingia huwa na jibu moja anapoulizwa kuhusu mazoezi: hana wakati. Jibu hilo si uvivu mtupu. Msongamano wa magari humnyang'anya saa kadhaa kila siku, tena akiwa ameketi.

Kuketi huko kuna gharama yake. Mnamo 1953, daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwalinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa jijini London. Makondakta, ambao kutwa nzima walipanda na kushuka ngazi wakikusanya nauli, walipatwa na maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Walikuwa watu wa gari moja, ila miguu ya mmoja ilifanya kazi na ya mwenziwe ilipumzika.

Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020, mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi mazito, pamoja na ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki. Dakika 150 zikigawanywa kwa siku saba, hazifiki 22 kwa siku. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo mtu anaweza kuzungumza anapoyafanya lakini hawezi kuimba.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwongozo wa awali, wa mwaka 2010, ulitaka kila kipindi kisipungue dakika kumi. Sharti hilo liliondolewa. Kwa hivyo, anayeshuka matatu kituo kimoja kabla ya chake na kutembea kwa haraka, au anayepanda ngazi badala ya lifti, anahesabiwa. Kadhalika, anayelima shamba kwa jembe au kubeba maji kutoka mtoni tayari anafanya mazoezi, na hana haja ya kuhubiriwa habari za kukimbia.

Usalama nao si jambo dogo. Kumshauri mwanamke akimbie peke yake alfajiri katika mitaa isiyo na taa ni ushauri wa mtu asiyeijua mitaa hiyo. Kuruka kamba uani, kuchuchumaa na kuinuka sebuleni, au kutembea na wenzake wakati wa chakula cha mchana kunamfaa zaidi.

Wakati ukipatikana, hubaki ari, na hapo ndipo wengi hukwama. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 chini ya saa mbili jijini Vienna mwaka 2019, Wakenya walishangilia mbele ya runinga. Kushangilia hakukumpunguzia yeyote shinikizo la damu. Hata kuogopa ugonjwa hakutoshi. Katika utafiti wa Sarah Milne na wenzake nchini Uingereza, uliochapishwa 2002, wanafunzi walioelezwa tu hatari za maradhi ya moyo hawakufanya mazoezi zaidi ya wale ambao hawakuelezwa lolote. Waliopewa maelezo hayo kisha wakaandika siku, saa na mahali watakapofanyia mazoezi, asilimia 91 walitimiza.

Aidha, dhana kwamba mazoea hujengeka kwa siku 21 haina msingi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walionyesha mnamo 2010 kwamba nusu ya watu huhitaji siku 66 au zaidi, na wengine huenda wakahitaji zaidi ya 200. Waligundua pia kuwa kukosa siku moja hakuharibu mazoea yanayojengeka. Anayeacha kabisa kwa sababu mvua ilimzuia Jumanne anajinyima bure. Ni rahisi zaidi kulifunga zoezi kwenye jambo ambalo tayari hufanywa kila siku, kama vile baada ya sala ya asubuhi au wakati chai inachemka.

Hata hivyo, mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu lisilodhibitiwa au kisukari anayetumia insulini anapaswa kumwona daktari kabla ya kuanza. Anayehisi kizunguzungu au kubanwa kifua katikati ya zoezi asimame mara moja na atafute matibabu siku hiyo hiyo.