Pesa ya Nyumbani Ikianguka, Nani Anapata?

Ndugu zetu, hapa Mvara tunasikia sana maneno haya: pesa ya nyumbani ikianguka, anayetuma kutoka huku anafaidi, kwa sababu dola yake au shilingi yake ya Uganda inazaa makaratasi mengi. Historia ya majirani wawili inaonyesha vingine.

Zaire ilianza 1967, moja kwa faranga 1,000, na ilikuwa na thamani ya dola 2. Wazee bado wanaisifu. Lakini tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli kabisa, serikali ya Mobutu ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina kazi tena. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, tena kwa kiasi maalum. Sasa aliyekuwa mbali na benki, au amevuka mpaka na akiba yake mfukoni, angefanya nini? Na tusisahau, mwaka ule watu wa hapa hapa West Nile walikuwa wamekimbilia Zaire baada ya Amin kuanguka. Wakimbizi walikuwa wao.

Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za zamani. Kasai wakaikataa, wakabaki na noti za zamani. Nchi moja, pesa mbili! Mtoto aliyefanya kazi Kinshasa akitaka kusaidia mama yake Mbuji-Mayi, noti alizolipwa huko zilikuwa hazitakiwi sokoni. Mwanzoni dola 1 ilikuwa zaire mpya 3 tu. Lakini faranga ya Kongo ilipotoka 30 Juni 1998, faranga 1 ilichukua zaire mpya 100,000.

Sudan Kusini ni hadithi nyingine, na kwetu hiyo ndiyo inafundisha zaidi. Mpaka Desemba 2015 bei ya serikali ilikuwa pauni 2.96 kwa dola, lakini barabarani dola ilikuwa imepanda mara nyingi. Uliyetuma kupitia benki, familia ilipokea kwa bei ya serikali, halafu ikaenda sokoni kununua unga kwa bei ya barabarani, maana mfanyabiashara aliyeleta unga kutoka Uganda alinunua dola zake huko huko. Tarehe 15 Desemba serikali ikaiachia pauni, na siku hiyo dola ikawa 18.5. Karibu mara sita! Dola 50 ikatoka pauni 148 ikafika 925. Kwenye simu ilionekana kama utajiri, lakini bei za sokoni zilikuwa zimeshatangulia.

Hapo ndipo ugomvi unaingia. Kijana anasema, "Nimetuma nyingi kuliko mwezi jana." Mama anajibu, "Mwanangu, haijatosha." Wote wawili wanasema kweli, na kila mmoja anafikiri mwenzake anaficha kitu. Tumeona ndugu wakikaa miezi bila kupigiana simu kwa sababu ya hiyo. Siku hizi wengine kwetu, kabla ya kutuma, hawaulizi dola ni ngapi. Wanauliza kopo la unga ni ngapi leo.