Kuchana na Kuchanua: Meno ya Chanuo Katika Historia

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaa jirani kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Kuchana ni kutenga nywele kwa chanuo. Lakini kuchana ni kupasua pia, kwani nguo huchanwa, karatasi huchanwa, na ukindu huchanwa kabla ya kusukwa ukili. Kuchanua ni kufunguka: ua huchanua, na mti huchanua majani mapya baada ya mvua. Jina la chanuo linakikaribia zaidi kitenzi hiki cha pili. Hata hivyo, mtoto aliyeketishwa mkekani asubuhi ya kwenda skuli, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mama yake, hukijua zaidi kile cha kwanza. Chozi likimtoka, hukumu hupita papo hapo: mtoto huyu ana nywele ngumu. Aghalabu hakuna anayelitazama chanuo.

Hukumu hiyo si ya jana, wala haikuzaliwa ndani ya nyumba ile. Ina safari ndefu, na sehemu moja ya safari hiyo imepita katika bandari ya Zanzibar.

Machanuo ya kale kabisa ya Bara la Afrika yanayojulikana yametoka makaburini mwa Misri, huko Badari na Naqada, kabla hawajatokea Mafirauni. Umri wa baadhi yake ni kiasi cha miaka 6,000. Yalichongwa kwa mifupa, kwa pembe za ndovu na kwa mbao, na mipini yake ikapambwa kwa sura za ndege na wanyama. Mengi yana meno marefu, machache, yaliyoachana. Si yote yaliyokuwa ya kuchania. Mengine yalichomekwa kichwani yakawa pambo. Lakini mwaka 2013 jumba la makumbusho la Fitzwilliam, mjini Cambridge, Uingereza, lilipoyaweka machanuo hayo pamoja na yale ya plastiki ya karne ya 20, watazamaji waliona udugu ambao maelfu ya miaka hayakuufuta. Mkono uliochonga kando ya Mto Nile na kiwanda cha Marekani vilikuwa vimelijibu swali moja kwa jibu moja.

Jibu hilo lilijulikana pia kwingineko barani. Waasante wa Ghana huliita chanuo lao la mbao duafe, na umbo lake likaingia katika alama zao za adinkra kuwa ishara ya wema na usafi wa mwanamke. Mwanamume alimchongea mchumba wake chanuo kama zawadi. Wachokwe wa Angola na Kongo walichonga machanuo yenye vichwa vya watu juu ya mipini. Kote huko mchongaji alifuata kanuni zile zile. Meno lazima yafuate mwelekeo wa nyuzi za mti, la sivyo huvunjika. Nafasi kati ya jino na jino iwe pana. Ncha ziwe butu, na mbao isuguliwe hata isibaki kikwaruzo.

Kitana chenye meno membamba yaliyosongamana nacho ni cha kale, wala hakikuvumbuliwa ili kumwonea mtu. Kina kazi yake, nayo ni kutoa chawa. Mwaka 2016 wachimbuzi wa mambo ya kale walikipata huko Lachish, katika nchi iliyoitwa zamani Kanaani, kitana kidogo cha pembe ya ndovu kisichozidi urefu wa kidole. Maandishi yaliyochorwa juu yake, yanayokadiriwa kuwa ya miaka ya 1700 kabla ya Kristo, yalisomwa na kutangazwa mwaka 2022: ni dua ya kuomba pembe ile ing'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Kitana hicho kina pande mbili. Upande mmoja ulikuwa na meno sita manene, ya kufumulia mafundo; wa pili ulikuwa na meno 14 membamba, ya kukamatia chawa na mayai yao. Fundi yule wa Kanaani alijua kwamba kufumua ni kazi moja na kusafisha ni kazi nyingine, na akazipa kila moja meno yake. Elimu hiyo ndiyo iliyokuja kusahauliwa.

Ubaya wa kuchanganya kazi hizo mbili unaelezwa na umbile la unywele wenyewe. Unywele umefunikwa kwa magamba madogo mno, yanayolaliana kutoka shinani kuelekea nchani, mfano wa makuti yaliyoezekwa juu ya paa. Yakiinuliwa na kukwaruzwa mara kwa mara, hubanduka, na kiini cha ndani hubaki wazi. Unywele wa singa ukikatwa, mkato wake hukaribia mduara. Ule uitwao wa kipilipili ni bapa zaidi, nao hujipinda na kujizungusha, na kila pindo ni mahali pa udhaifu. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka kwa urahisi juu ya singa, lakini katika mapindo hukawia shinani, na ncha hubaki kavu. Basi jina limekwenda kinyume na jambo: nywele ziitwazo ngumu ndizo zinazokatika upesi zaidi zikivutwa. Kinachohisiwa kuwa ugumu ni mapindo kukumbatiana, na meno yaliyosongamana kukosa pa kupita.

Sasa itazamwe njia ambayo kitana cha chawa kilipitia hadi kikawa kipimo cha kila kichwa. Mwaka 1799 Phineas Pratt, fundi wa Saybrook katika jimbo la Connecticut, Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi wa mashine ya kutengenezea vitana. Kazi ya kukata meno ya pembe kwa mkono, moja baada ya moja, sasa ilifanywa na misumeno, na meno yakaweza kuwa membamba na mengi kuliko awali. Kando ya Mto Connecticut, katika vijiji vilivyokuja kuitwa Deep River na Ivoryton, yaani mji wa pembe, viwanda vikasimama. Vilitengeneza vitana kwanza; vibao vya kinanda vilikuja baadaye.

Viwanda hivyo vilihitaji pembe, na pembe ilikuwa Zanzibar. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akawasili Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo. Jahazi la Sultana lilipotia nanga New York mwaka 1840, likiongozwa na mjumbe Ahmad bin Naaman, pembe za ndovu zilikuwa miongoni mwa shehena yake. Kwa upande wa pili ikaja merikani, nguo ambayo hadi leo jina lake linataja ilikotoka. Pembe ya Afrika Mashariki ilisifiwa na mafundi kwa ulaini wake, kwani haikupasuka upesi chini ya msumeno.

Pembe hizo zilifika pwani mabegani mwa watu. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo ni mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200, nao waliuenda kwa miguu wapagazi, wengi wao Wanyamwezi wa ujira, na wengine watumwa. Ernst D. Moore, aliyenunua pembe Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20 kwa niaba ya wafanyabiashara wa Marekani, alirejea kwao na mwaka 1931 akatoa kitabu, Ivory: Scourge of Africa, ambacho jina lake laiita pembe janga la Afrika. Mzigo ule ulipofika Connecticut na kukatwa, kilichotoka ni kitana ambacho meno yake yasingeweza kupita katika nywele za aliyeubeba, wala za mkewe, wala za mwanawe.

Deep River ina kisa kingine. Mwaka 1828 alifika huko mtu mmoja aliyetoroka utumwa wa kusini mwa Marekani, Daniel Fisher kwa jina. Aliyempokea na kumhifadhi ni shemasi George Read, mpinga utumwa aliyekuwa pia mmoja wa wenye viwanda vya vitana vya pembe. Ili wawindaji wa watumwa wasimtambue, Fisher alipewa jina jipya, William Winters, na akavaa nywele za bandia. Aliishi huko hadi uzeeni kwa jina hilo. Wema wa Read haukuwa wa uongo. Lakini si miaka mingi baadaye pembe za Zanzibar zilianza kuingia katika viwanda vya kijiji kile kile, na machozi ya nyuma ya pembe hizo hayakuonekana kutoka ukingoni mwa Mto Connecticut.

Watumwa wenyewe, katika mashamba ya kusini, hawakuwa na machanuo ya mababu zao. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1930 walikumbuka kuchana nywele kwa vibao vyenye meno ya waya, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuchambulia sufu ya kondoo. Uhuru ulipokuja mwaka 1865, vitana vya madukani vilikuwa vya kichwa cha singa, na kichwa kisichopitika kikaambiwa kina nywele mbaya. Likafuata chanuo la chuma linalotiwa moto, ambalo baadaye lilifika hata katika miji ya Afrika Mashariki, na mikono mingi ikajifunza kuzichoma nywele ili zikifae kitana, badala ya kutafuta chanuo linalozifaa nywele.

Hata hivyo wapo waliokwenda njia nyingine. Mwaka 1885, mjini London, Mason Pearson alibuni burashi ambayo manyoya yake yamesimama juu ya mto wa mpira wenye hewa: fundo likikaza, mto hubonyea, na nywele husalimika. Mwaka 1898 Lyda D. Newman, mwanamke Mweusi wa New York, alipewa hati ya uvumbuzi wa burashi yenye safu zilizopangwa kwa nafasi, yenye matundu ya kupitisha uchafu, na inayofunguliwa ikasafishwa. Na mwaka 1969, wakati vijana Weusi wa Marekani walipoziacha nywele zao zisimame kama zilivyoumbwa, Samuel H. Bundles na Henry M. Childrey walipewa hati ya chanuo la meno marefu yaliyoachana. Katika miaka ya 1970 mpini wake ukawekewa ngumi iliyokunjwa. Wengi waliliona kuwa jambo jipya. Kumbe ni umbo la Naqada lililorudi kwa njia ya mbali.

Pembe yenyewe imekwisha kutoka katika habari hii. Mpira mgumu ulioandikishwa na Nelson Goodyear mwaka 1851, kisha seluloidi, kisha plastiki, zilichukua nafasi yake, na mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Ila plastiki ina aibu yake. Chanuo la bei nafuu humiminwa katika kalibu ya vipande viwili, na pale vipande vilipokutana hubaki ukingo mwembamba katika kila jino. Jicho halauoni upesi, lakini kila mpito huyakwaruza magamba ya unywele. Chanuo lililokatwa kwa msumeno na kusuguliwa, liwe la mpingo au la mpira mgumu, halina ukingo huo.

Kwa hiyo anayechagua chanuo hana haja ya kuanza na rangi wala bei. Alipitishe juu ya ngozi ya ndani ya mkono wake, na juu ya kitambaa chepesi cha hariri: likikwaruza ngozi au likivuta uzi, halifai kichwa cha mtu. Atazame ncha, ziwe za mviringo. Atazame nafasi, kidole chembamba kikaribie kupita. Nywele za kipilipili huhitaji nguvu ndogo zaidi zikichanwa majimaji kuliko zikiwa kavu, kinyume cha singa, ambazo zikilowa hushikana. Mafuta ya nazi, yaliyokuwamo katika vibuyu vya bibi wa pwani, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa hupunguza upotevu wa protini ya unywele, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini yaliyopimwa pamoja nayo hayakulifanya. Vidole vitangulie kulegeza mafundo makubwa. Kisha chanuo lianzie nchani, lipande kidogo kidogo kuelekea shinani. Anayeanzia shinani hulisukuma fundo juu ya fundo, na huko chini ndiko kuchana kunakogeuka kuwa kupasua. Kitana cha meno membamba kibaki kwa kazi yake ya chawa.

Mambo haya ni madogo, na hayamgharimu mama zaidi ya dakika chache za asubuhi. Lakini mtoto anayeambiwa kila siku kwamba nywele zake ni ngumu hukua akiamini kuwa kosa limo mwilini mwake. Akiachiwa chanuo linalopita, hana sababu ya kuliamini hilo, na neno ngumu litarudi kwa chombo, ambako ndiko lilikostahili kuwa tangu mwanzo.