Mpito wa onyesho (katuni za televisheni)

Mpito wa onyesho ni namna picha inavyomtoa mtazamaji kwenye tukio moja na kumpeleka kwenye jingine. Ulio rahisi ni mkato, picha moja ikifuata nyingine papo hapo. Mipito mingine ni kufifia hadi giza, picha mbili kuyeyukiana, picha mpya kuisukuma ya zamani pembeni, na duara linalojifunga, lililozoeleka tangu filamu bubu na baadaye katuni za Marekani.

Katika katuni mpito pia huokoa kazi. Sekunde moja ya televisheni ya Tanzania ina fremu 25. Kuchora mhusika akitembea kutoka nyumbani hadi sokoni ni gharama, ilhali mkato ni bure.

Mfano mzuri zaidi wa Kitanzania umo katika Akili and Me, katuni ya watoto wadogo inayotengenezwa na Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013. Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, akilala huingia Lala Land, anakojifunza herufi na namba pamoja na marafiki wanyama. Hapa usingizi wenyewe ndio mpito, na mtoto asiyejua kusoma huuelewa bila maandishi. Hilo lina faida nyingine: katuni za Ubongo hutiwa sauti kwa lugha kadhaa za Afrika, na mpito usio na neno hauhitaji kuchorwa upya.