Kiswahili na Habari ya Upendo wa Mungu Katika Vilima vya Kampala

Mwaka mmoja, nilipokuwa nikifundisha kidato cha pili hapa Kampala, niliwaagiza wanafunzi wangu wawaulize wazee wao nyumbani waliwahi kukisikia Kiswahili wapi mara ya kwanza. Kesho yake msichana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, jjajja hakunijibu vizuri. Alisema tu kwamba hiyo ni lugha ya askari, na kwamba hata Mungu haisikii."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, maana nilitambua kwamba bibi yule hakuwa akifanya mzaha. Alisema jambo aliloliona kwa macho yake. Walakini mji wetu una kumbukumbu nyingine, ya zamani kuliko ile ya bibi, na ni wajibu wetu sisi walimu kuijua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mafundisho ya Kikristo, yasemayo kwamba Mungu humpenda na kumtunza kila mtu mmoja mmoja, yalivyofika katika vilima hivi kwa lugha ya Kiswahili, na jinsi lugha hiyo hiyo ilivyokuja baadaye kuchukiwa.

Yatupasa kuanza kabla ya Wakristo. Wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, walikwisha kufika katika ikulu ya Kabaka Suna mwaka 1844. Walikuja na nguo, bunduki na shanga, wakaja pia na dini ya Kiislamu na vitabu. Wakati wa Kabaka Mutesa, aliyetawala baada ya Suna, vijana wengi wa ikulu walijifunza kusoma na kusali. Kiluganda kikaazima maneno ambayo bado yanatumika: kitabu kikawa ekitabo, dini ikawa eddiini, na kusoma kukawa okusoma. Mwaka 1876 baadhi ya vijana hao Waislamu waliuawa Namugongo kwa amri ya Mutesa kwa sababu ya msimamo wao wa dini. Basi damu ya kwanza ya wasomaji katika Buganda ilikuwa ya Waislamu, na si haki kuisahau.

Mwaka 1875 msafiri Henry Morton Stanley alifika kwa Mutesa. Alifuatana na kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, mwanafunzi wa shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, iliyowalea vijana waliokombolewa utumwani. Stanley na Dallington walimtayarishia Kabaka muhtasari wa Maandiko kwa Kiswahili. Stanley alipoondoka, Dallington alibaki ikulu akawa mwandishi na msomaji wa Mutesa. Tafadhali tulitafakari jambo hilo. Mtu wa kwanza kukaa Buganda na kumsomea Kabaka habari za Kristo siku baada ya siku hakuwa Mzungu. Alikuwa kijana Mwafrika kutoka Unguja, na lugha yake ilikuwa hii tunayoifundisha.

Wamishonari wa Kianglikana walifuata mwaka 1877. Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyejifunza Kiswahili njiani kutoka pwani, aliwasili Novemba 1878. Padre wa Kikatoliki Simeon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Februari 1879. Mackay hakuwa na Injili ya Kiluganda. Alisoma mbele ya Mutesa vitabu vilivyotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere pamoja na wasaidizi wake, na waliokijua Kiswahili wakawafasiria wengine. Wanafunzi wake wa kwanza walijifunza herufi na imani kwa wakati mmoja. Kwa sababu hiyo Wakristo wote waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na hata leo mzee wa Kiganda aweza kusema anakwenda "kusoma" akimaanisha kwamba anakwenda kanisani.

Ni kitu gani kipya walichokisoma? Waganda walimjua Katonda, Muumba wa vyote, tangu zamani. Hakuna mgeni aliyewaletea habari kwamba Mungu yuko. Lakini katika shida za kila siku watu aghalabu waliwaendea lubaale: Mukasa kwa mambo ya ziwa na uzazi, Kibuuka kwa vita. Kitabu kipya kilidai kwamba Muumba mwenyewe yu karibu, kwamba amezihesabu nywele za kila kichwa, na kwamba huwaacha kondoo tisini na tisa ili amtafute mmoja aliyepotea.

Tuyapime maneno hayo kwa hali ya wale walioyasikia. Wengi wao walikuwa vijana watumishi wa ikulu, na wengine walikuwa mateka wa vita. Katika ikulu thamani ya mtu ilitokana na kibali cha Kabaka, na kibali hicho kiliweza kuondolewa asubuhi moja pamoja na uhai. Kijana wa namna hiyo akiambiwa kwamba Mungu anamjua kwa jina lake, tena anampenda hata kama Kabaka amemkasirikia, amepewa msingi mwingine wa kusimama. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya ujasiri wao.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe Mwanga, kijana mwenye hofu nyingi juu ya wageni na juu ya utii wa watu wake. Tarehe 31 Januari 1885 wasomaji watatu waliuawa kwa moto huko Busega: Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Lugalama alikuwa mdogo kuliko wenzake, naye alikuwa ametekwa vitani na kuletwa Buganda. Inasimuliwa kwamba waliimba wimbo wa sifa walipokuwa wakiuawa, na kwamba wimbo huo ulikuwa wa Kiswahili. Mtoto aliyetekwa kama ng'ombe alikufa akimsifu Mungu ambaye, kwa imani yake, hakumhesabu kama ng'ombe.

Oktoba mwaka huo huo Askofu James Hannington aliuawa Busoga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa watumishi wa ikulu, alimlaumu Mwanga kwa tendo hilo, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Charles Lwanga alishika nafasi ya kuwaongoza vijana Wakatoliki. Hatari ilipokaribia, mwishoni mwa Mei 1886, aliwabatiza wengine usiku, miongoni mwao Kizito, mdogo wao wote. Masimulizi yanasema kwamba Kizito aliogopa, na Lwanga akamwahidi kumshika mkono ili wafe pamoja. Tarehe 3 Juni 1886 Lwanga, Kizito na wenzao, Wakatoliki na Waanglikana, waliteketezwa Namugongo. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina kati ya 1885 na 1887 ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale Wakatoliki kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Mkono ule wa Lwanga wafaa kuangaliwa sana. Mafundisho kwamba Mungu anamtunza mtu hayaaminiki mpaka mtu mwingine aonekane akitunza. Kanisa la Kampala lilijifunza hivyo mapema. Daktari Albert Cook alifika mwaka 1897 akaanzisha hospitali ya Mengo, ambako muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mkewe, alihudumu pamoja naye. Mwaka 1903 Mama Kevin na watawa wenzake Wafransisko walianza kazi Nsambya. Cook alitunga hata kitabu cha msamiati wa tiba kwa Kiluganda, maana mgonjwa huomba msaada kwa lugha ya mama yake.

Kwa sababu hiyo hiyo Kiswahili kilianza kuachwa kanisani. George Pilkington na Henry Wright Duta, pamoja na Waganda wengine, walifanya kazi ya kutafsiri, na Biblia nzima ya Kiluganda ikatoka mwaka 1896. Hilo halikuwa kosa. Mpendwa huitwa kwa sauti anayoizoea. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana William Gowers ilipotaka kukieneza Kiswahili kuanzia mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa alipinga mwaka 1929, na maaskofu nao wakaandika kupinga. Kiswahili kikabaki mahali ambapo kilikuwa na kazi: sokoni, relini, na zaidi ya yote kambini, katika jeshi la King's African Rifles, na baadaye katika jeshi la Uganda huru.

Hapo ndipo tunapomkuta bibi wa mwanafunzi wangu. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini raia wengi wa Kampala walikisikia kwa mtu mwenye bunduki: toa, lala chini, ingia garini. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Mwili wake haukuruhusiwa kuzikwa Namirembe, na waumini walikusanyika penye kaburi lililokuwa tupu.

Hata hivyo, katika siku zile zile kulikuwa na raia wa Uganda, mtu wa Kigezi, aliyekijua Kiswahili kwa namna nyingine. Askofu Festo Kivengere alikuwa mwalimu kama sisi. Alifundisha Dodoma miaka mingi, na mwaka 1960 alimfasiria mhubiri Billy Graham kwa Kiswahili huko Tanganyika. Baada ya kifo cha Luwum alitoroka Uganda kwa miguu kupitia milima ya mpakani, kisha mwaka huo huo wa 1977 akatoa kitabu ambacho jina lake, kwa Kiswahili, ni Nampenda Idi Amin. Wengi walishangaa. Yeye alieleza kwamba hakuusifu uovu. Ikiwa Mungu humpenda kila mtu kwa jina lake, orodha hiyo haiwezi kukatwa pale tunapofika kwa adui yetu. Kutoka kwa Lugalama hadi kwa Kivengere imani ni ile ile, lakini hili la pili ni gumu zaidi, nami sithubutu kumlaumu asiyeliweza.

Leo Kiswahili kina heshima katika sheria. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini sheria haiondoi kumbukumbu. Bibi yule hakukichukia Kiswahili kwa ajili ya ngeli zake. Alikumbuka jinsi alivyotendewa na waliokisema, kama vile wasomaji wa kwanza walivyokipenda kwa ajili ya habari njema waliyoisikia ndani yake.

Niliwasimulia wanafunzi habari hizi zote kwa vipindi viwili. Baadaye nililitazama daftari langu la maandalio nikaona haya. Miaka yote somo langu la kwanza lilianza kwa maneno haya: simama, kaa, njoo, nyamaza. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa Kampala Kiswahili kile kile alichokikimbia bibi.

Tangu hapo nimebadili. Walimu wenzangu, nawasihi mjaribu vivyo hivyo. Siku ya kwanza namwendea kila mtoto alipoketi, mmoja mmoja, hata wakiwa sabini, namuuliza: jina lako nani? Naye akijibu, nalitamka jina lake polepole mpaka nilitamke sawasawa.