Maneno 150 Kuhusu Ramani

Mtihani wa IELTS, ule wa Academic, una swali la kwanza la kuandika ambalo huwanyima watu usingizi. Unapewa chati, jedwali, au ramani mbili za mji mmoja, ya zamani na ya leo, halafu unaambiwa ueleze unachokiona kwa maneno yasiyopungua 150. Dakika 20 hivi. Maoni yako, tafadhali baki nayo. Nilipokuwa nikijiandaa nilijiuliza swali ambalo halina alama: kwani ni lini kujua Kiingereza kulianza kumaanisha kusoma grafu?

Haikuwa hivyo mwanzoni. Mwaka 1913 Cambridge walipoanzisha mtihani wao wa Kiingereza kwa wageni, hakukuwa na chati. Kulikuwa na tafsiri, fonetiki, fasihi na insha, na mojawapo ya mada za insha ilikuwa yale maasi ya India. Ulichukua saa 12. Watahiniwa walikuwa watatu, wote wakaanguka. Watatu!

Kufikia 1980, ELTS ilipoanza, wazo lilikuwa limegeuka: mpime mwanafunzi kwa kazi zinazofanana na zile atakazozikuta chuoni. IELTS ikachukua nafasi yake 1989.

Grafu zenyewe zina mzee wao. William Playfair, Mskoti aliyewahi kuwa mchoraji wa James Watt, alichapisha mwaka 1786 kitabu cha biashara ya Uingereza kilichojaa mistari inayopanda na kushuka. Alipofika kwa Scotland alikwama, kwa sababu alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja hauchori mstari. Akachora nguzo badala yake. Chati ya duara ikamtoka 1801. Kile kitabu alikiita atlasi na hakikuwa na ramani hata moja, jambo ambalo hunichekesha.

Ramani ndizo zinazonisumbua. Mwongozo wowote wa mtihani utakufundisha lugha yake: msitu uliondolewa, barabara ilipanuliwa, nyumba zilijengwa. Nani aliondoa? Ramani haisemi, basi nawe usiseme. Mtahini hana ubaya, anapima sarufi tu. Lakini sisi wa Nairobi tunaijua hiyo sarufi tangu kitambo, maana ndiyo iliyoandika huu mji.

Chukua Pangani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia palikuwa na kijiji cha Waafrika pale, chenye nyumba zao wenyewe walizojenga na kupangisha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikibomoa, na wenye nyumba wakapelekwa kwenye mtaa mpya wa serikali. Kwa Kiingereza cha mtihani hayo ni sentensi mbili safi, zenye vitenzi vya kutendwa, na alama zote unapata. Waliohamishwa hawakuwa na haja ya maneno 150. Ule mtaa mpya uliitwa Shauri Moyo: uamuzi ni wako, wenyeji wanavyolieleza, ukitaka hamia, usipotaka utajua mwenyewe. Jina lina mtu anayeamrisha na mtu anayeamrishwa. Liko mpaka leo kwenye vibao vya matatu.

Na huu mtihani si mchezo. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano ya kupeleka manesi Uingereza. Novemba hiyo waziri wa afya akatangaza kwamba kati ya watu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliopita ni 10. Watu walicheka mitandaoni, ati Wakenya na Kiingereza chetu chote. Mimi sikucheka. Hao ni watu waliosomea kazi yao kwa Kiingereza, wanaoandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila zamu. Na hata anayepita, matokeo ya IELTS huhesabika kwa miaka 2 tu. Viza ikichelewa, unalipa tena, unarudi kukaa, unaeleza tena jinsi kijiji cha watu usiowajua kilivyogeuzwa kuwa maegesho ya magari.