Paul Robeson na Lugha za Afrika

Paul Robeson hukumbukwa hasa kwa sauti yake nzito, iliyosikika majukwaani, katika filamu na katika santuri kwa muda wa miaka arubaini hivi. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba alikuwa pia mwanafunzi wa lugha za Kiafrika. Bila ya kulizingatia jambo hilo ni vigumu kueleza kwa nini aliyakubali baadhi ya majukumu ya uigizaji na baadaye akayakana.

Robeson alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alitoroka utumwani angali kijana. Robeson mwenyewe alihitimu katika sheria huko Columbia mwaka 1923, lakini ubaguzi wa rangi ukamfanya aiache kazi hiyo upesi. Mwaka 1924 aliigiza tamthilia za Eugene O'Neill. Mwaka 1928 aliimba katika Show Boat mjini London. Na mwaka 1930 akawa Othello katika ukumbi wa Savoy mjini humo.

Ni huko London alikojiunga na Chuo cha Taaluma za Mashariki, ambako mwaka 1934 alisoma fonetiki na Kiswahili. Haja yake haikuwa ya kujipamba kwa elimu. Watu weusi wa Marekani walikuwa wakiambiwa kwamba asili yao haina utamaduni, na kwamba lugha za Afrika ni milio michache isiyoweza kubeba fikira nzito. Robeson alikuta lugha zenye sarufi pana na msamiati mwingi, akadai kwamba mahadhi ya nyimbo alizozirithi kwa wazee wake yana udugu nazo.

Imani hiyo ndiyo iliyomwingiza katika filamu ya Sanders of the River, iliyotolewa mwaka 1935. Zoltan Korda alikuwa amepiga picha za ngoma barani Afrika, na Robeson alitumaini kwamba utamaduni wa Mwafrika ungeonyeshwa kwa heshima. Miongoni mwa walioshiriki katika nafasi ndogo ni Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa akimsaidia Lilias Armstrong katika uchunguzi wa fonetiki ya Kikuyu. Kitabu cha utafiti huo kilichapishwa mwaka 1940. Filamu ilipokamilika ilikuwa sifa tupu kwa utawala wa Waingereza, na Robeson akaikana hadharani. Yafaa ikumbukwe kwamba mwigizaji wa filamu hana mamlaka juu ya maana ya maneno yake: yeye huyasema, bali wengine huyakata na kuyapanga.

Mwaka 1942, baada ya Tales of Manhattan, Robeson aliachana na filamu za Hollywood. Jukwaani hali ilikuwa tofauti. Othello yake ya New York, iliyoanza Oktoba 1943, ilionyeshwa mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia nyingine ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia huko Broadway. Hali kadhalika, katika tamasha zake alibadilisha maneno ya wimbo mashuhuri wa Show Boat, hata malalamiko ya mtu aliyechoka yakawa tamko la mtu anayepigana.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti, na katika hoja zake mahakamani ilitaja bidii yake ya kutetea uhuru wa makoloni ya Afrika. Alirudishiwa mwaka 1958, baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya mtu mwingine. Mwaka uliofuata aliigiza Othello kwa mara ya mwisho, huko Stratford-upon-Avon. Afya yake ilidhoofika baadaye, akafariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Hapana shaka kwamba Robeson hakuwa mtaalamu wa isimu kwa kipimo cha vyuo vikuu, na baadhi ya madai yake kuhusu udugu wa lugha na muziki yalipita mipaka ya ushahidi. Hata hivyo aling'amua mapema kwamba anayeidharau lugha ya watu huwa amekwisha kuwahukumu wenyewe kabla hawajasema neno. Kwa ajili hiyo historia ya uchunguzi wa Kiswahili mjini London haitakamilika iwapo itawataja walimu na maafisa wa kikoloni peke yao, na kumsahau mwanafunzi huyu aliyetoka jukwaani.