Mapiko: Kinyago Kama Hati ya Historia

Watu wengi walisikiapo jina la Wamakonde hufikiri mara moja juu ya mpingo, ule mti mweusi na mzito ambao huchongwa mashetani na sanamu za ujamaa na kuuzwa kando ya barabara za Dar es Salaam. Sanaa hiyo inastahili sifa zake, lakini umri wake si mkubwa. Ilistawi hasa katikati ya karne ya 20, wachongaji walipopata wanunuzi miongoni mwa wageni. Uko uchongaji mwingine ulioitangulia, ambao haukukusudiwa kuuzwa wala kuwekwa mezani ukatazamwa. Huo ni uchongaji wa vinyago vya kuvaliwa. Vinyago hivi hutengenezwa kwa mti mwepesi, kwa sababu hakuna mchezaji awezaye kubeba gogo la mpingo kichwani na bado akacheza hadi jua likachwa. Makala haya yahusu vinyago hivyo na ngoma yake iitwayo mapiko, na nia yangu ni kuonyesha kwamba mwanafunzi wa historia aweza kuvisoma kama asomavyo hati.

Wamakonde wanakaa pande zote mbili za mto Ruvuma. Kaskazini, katika Tanzania, upo uwanda wa juu wa Newala. Kusini, katika Msumbiji, upo uwanda wa juu wa Mueda. Nyanda hizi zimeinuka juu ya bonde kwa miteremko mikali, na huko juu maji ni haba. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka na mitungi hadi penye chemchemi, kisha wakaupanda tena mlima na mzigo kichwani. Basi kwa nini watu wajenge mahali pasipo maji?

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alikaa Newala akakusanya vinyago na masimulizi. Wazee walimweleza kwamba hapo mwanzo alikuwapo mtu mmoja, peke yake porini, asiyeoga wala kunyoa. Mtu huyo alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, nayo ikageuka mwanamke. Watoto wao wawili wa kwanza walizaliwa mabondeni wakiwa wafu. Wa tatu, aliyezaliwa juu uwandani, akaishi. Historia nayo ina jibu lake. Katika karne ya 19 njia za watekaji wa watumwa zilipita mabondeni, na huko ndiko maradhi yalikokuwa mengi, ilhali vichaka vizito vya uwandani vilivificha vijiji. Majibu haya mawili hayapingani hata kidogo. Tena yafaa tukumbuke kwamba, kwa masimulizi ya watu hawa, mama wa kabila zima alitoka katika mti uliochongwa.

Mavuno yakishaingia ghalani, kipupwe huanza. Upepo huwa wa baridi na chakula kipo. Huo ndio wakati wa jando, na ndio wakati wa mapiko. Vijana waliotahiriwa hukaa kambini, mbali na mama zao, wakifundishwa. Siku ya kutoka kwao kijiji huwa na sherehe kubwa, na vijiji jirani huja kutazama na kushindana.

Mchezaji mwenye kinyago huitwa lipiko. Upande wa Mueda kinyago chake hufunika kichwa chote kama kofia ya chuma ya askari. Hubandikwa nywele za binadamu, na chale za usoni hufanywa kwa nta. Kikiwa cha mwanamke, huenda kikawa na ndonya katika mdomo wa juu. Mchezaji haoni kwa macho ya kinyago. Huchungulia kupitia mdomoni, na kwa hiyo uso wa mti huelekea juu kidogo, kana kwamba lipiko linawatazama watu kwa kiburi. Mwili wote hufunikwa nguo iliyobanwa, kiunoni hufungwa njuga, wala ngozi haionekani. Lipiko hutoka porini likisindikizwa na wanaume. Hukimbia, husimama ghafla, hutetemeka mabega na nyonga kwa kufuata ngoma, na wanawake hutawanyika wakipiga kelele, kisha hurudi polepole ili wakimbizwe tena.

Upande wa Newala vinyago vilivyojulikana zaidi ni vya kufunika uso tu, navyo huitwa midimu. Huko pia kulikuwa na kinyago cha mwili, yaani kifua na tumbo la mwanamke mjamzito vilivyochongwa kwa mti, ambacho mchezaji mwanamume alikivaa pamoja na uso wa kike. Watoto wa shule wakionyeshwa picha yake hucheka. Wacheke tu, kwani hata walioitazama ngoma yenyewe walicheka.

Sasa tuifikie siri. Kwa mujibu wa mila, lipiko ni mfu aliyeitwa na wanaume kutoka kuzimu, na ni wanaume pekee wanaojua namna ya kumwita. Vinyago huchongwa na kufichwa porini, mahali paitwapo mpolo, ambapo mwanamke haruhusiwi kukanyaga. Kijana aliye jandoni hufunuliwa kwamba ndani ya kinyago yumo mtu, pengine mjomba wake, naye huonywa asiseme. Je, wanawake hawakujua kweli? Mimi naona vigumu kuamini kwamba mke aliyeishi na mume wake miaka kumi hawezi kuutambua mwendo wake. Siri inayotunzwa na watu wote ni kitu tofauti na siri isiyojulikana na mtu. Hata hivyo tusiipambe mila kupita kiasi: hofu ile iliwapa wanaume mamlaka, na mwandishi anayeisifu ngoma bila kulitaja hilo hawatendei haki wale waliokimbizwa. Wanawake wenyewe hawakukaa kimya. Katika wilaya za Mueda, Muidumbe na Nangade wamekuwa na mchezo wao wa kujificha uso, lingundumbwe, wanaoucheza wao.

Thamani ya mapiko kwa mwanahistoria ni hii, kwamba mfu huyo hakuvaa sikuzote sura ya babu wa kale. Wareno hawakuutiisha uwanda wa Mueda hadi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada yao vilikuja kodi, kazi ya shokoa na, tangu mwaka 1938, kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Maelfu walivuka Ruvuma wakaenda Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, nao walikwenda na ngoma zao. Katika miaka hiyo huko mpolo zilichongwa nyuso mpya: Mreno mwenye masharubu na kofia ya kikoloni, Mhindi mwenye duka, askari, hata jirani Mmakua. Mtu ambaye mchana hakuthubutu kumtazama mtawala usoni aliweza, siku ya ngoma, kumwona mtawala huyo akitetemeka nyonga mbele ya kijiji kizima. Jinsi Wamakonde walivyowaona watawala wao hatulazimiki kukutafuta katika karatasi za serikali ya kikoloni peke yake. Vinyago viliandika.

Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika Mueda kudai haki zao, nao wakapigwa risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Mwaka 1962 FRELIMO ilianzishwa Dar es Salaam, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza. Viongozi wa vita waliitazama ngoma hii kwa macho mawili. Waliona kwamba inawakusanya watu na kuwatia moyo; waliona pia kwamba inashikilia jando, siri na hofu, mambo waliyoyahesabu kuwa ya kurudisha watu nyuma. Lakini nadhani hoja iliyoitikisa siri zaidi haikutoka katika hotuba. Mwaka 1967 kikundi cha wapiganaji wanawake kiliundwa, na wanawake wengi walikuwa wakibeba silaha vichwani kutoka mpakani. Mwanamke aliyelala porini chini ya ndege za Wareno angekimbiaje kipande cha mti chenye nywele? Alikimbia kwa kupenda mchezo, na watu wote walilijua hilo. Ngoma haikufa kwa kupoteza sehemu ya hofu yake. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 ilizidi kushindaniwa kati ya vijiji, na nyuso mpya zikaongezeka.

Mti mwepesi huliwa upesi na wadudu. Mchongaji hasikitiki sana, kwani kinyago kikichakaa hutengeneza kingine, chenye sura ya mtu aliyemwona majuzi. Makumbusho hayana ruhusa hiyo. Kazi yao ni kukitunza kile kile. Mwaka 1984 wezi waliingia katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na miongoni mwa vitu walivyoviiba kilikuwamo kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, nchini Uswisi, na mwaka 1990 ikagunduliwa kwamba ni kile kilichoibwa. Mazungumzo yalichukua miaka 20. Kinyago kilikabidhiwa kwa Tanzania mwezi Mei 2010, baada ya kukaa ughaibuni kwa muda wa robo karne. Uso ulirudi jinsi ulivyokuwa. Huko uwandani, katika muda huo huo, vijana waliokuwa jandoni mwaka ule wa wizi walikuwa wamekwisha kuwa baba, na nyuso walizozicheza zilikuwa nyingine kabisa.

Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake katika jumba la makumbusho penye lipiko la Mueda awaambie wasiangalie macho kwanza. Wautazame mdomo, kwa sababu hapo ndipo mtu alipokuwa akichungulia.